Adresi ya koperative si mali ya sekretere

Ukiingia kwenye biro za koperative za wachimbaji, kutoka hapa Uvira kushuka Baraka na Fizi hadi Misisi, omba wakuonyeshe karatasi yao yenye mhuri. Angalia chini kabisa. Kuko jina la koperative, namba ya telefone, halafu adresi ya imeli. Isome polepole. Mara nyingi ile adresi haina jina la koperative hata kidogo. Iko na jina la sekretere, ao la kijana wa prezida aliyesoma informatiki, na mwaka aliozaliwa, kisha arobaze, kisha gmail.com. Ukiuliza, watakujibu: "Hiyo si shida, barua zinafika."

Mimi nasema ni shida, tena ya kupoteza mkate. Siku sekretere atagombana na komite, ao atahamia Kalemie kutafuta maisha, ataondoka na masikio na mdomo wa koperative ndani ya mfuko wake. Mnunuzi akiandika, barua itafika kwake. Biro ya mines ikiita watu kwenye mkutano, mwaliko utafika kwake. Na akitaka kujibu kwa jina lenu, atajibu, na yule wa ngambo hatajua kwamba huyu alishatoka kazini.

Tangu Kode ya Mines ilipobadilishwa mwaka 2018, mchimbaji wa mikono hasimami tena peke yake mbele ya sheria. Lazima awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na serikali. Basi jambo linalogusa koperative linamgusa PDG wa shimo, linamgusa kijana anayeshuka chini na tochi kichwani, linawagusa wamama wanaotwanga mawe, na watoto wanaongoja minerval mwezi wa tisa. Njo maana adresi si kazi ya wasomi peke yao. Lakini huwezi kulinda kitu usichojua namna kinatembea. Tuangalie kwanza barua ya imeli inapita wapi, halafu nitasema ninachotaka tufanye.

Jina na nyumba

Adresi ya imeli iko na vipande viwili, na arobaze katikati. Kushoto ni jina la mtu ao la kazi. Kulia ni nyumba anamopokelea barua. Ile alama ilichaguliwa mwaka 1971 na Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, juu ya kutenganisha mtu na mashine yake: fulani, aliye kwenye mashine fulani. Mpaka leo maana haijageuka.

Sasa kuko jambo ambalo wengi hawalijui. Barua ikiwa njiani, hakuna anayejali upande wa kushoto. Wote wanasoma upande wa kulia tu. Jina la kushoto linasomwa na mwenye nyumba peke yake, barua ikishafika kwenye mlango wake. Yeye njo anajua kama ndani kuko mtu wa jina hilo ao hakuna.

Na upande wa kulia wenyewe unasomwa kuanzia mwisho. Tuseme koperative iko na adresi biro@koperative-yetu.cd. Kwanza inasomwa "cd", maana yake jina limeandikishwa chini ya Kongo. Kisha "koperative-yetu", maana yake ni nani ndani ya Kongo. Ni kama bahasha ya posta: wewe unaandika avenue, kartiye, mji, inchi; lakini mtu wa posta kule mbali anaanza chini, anatafuta inchi kwanza, na avenue inabaki kazi ya mtu wa Uvira.

Kushika hilo kunatosha kukulinda na mengi. Adresi haikubali nafasi katikati. Alama za Kifaransa zinazokaa juu ya herufi, kama ile ya "coopérative", usiziweke: seva nyingi bado zinazikataa. Herufi moja ikikosekana, kuko mambo mawili: ao barua inarudi, ao inaingia kwa mtu mwingine ambaye hatakuambia kitu. Hakuna mtu wa posta atakayesema, "Aa, huyu namjua, alikosea tu kuandika." Mashine haimjui mtu.

Zamani mtumaji alipaswa kujua njia

Kila mtu wa hapa amekwisha kutuma barua ya mkono. Unampa dereva wa fuso anayeenda Baraka. Unamwambia: ukifika, mpe fulani pale parkingi, yeye ampe motari wa Fizi, yule motari ampe mama mwenye resto Misisi, yule mama anajua shimo ambamo mtoto wangu anafanya kazi. Barua inafika kama wewe mwenyewe unajua njia yote, na kama kila mtu yuko pale siku hiyo. Motari mmoja akiwa mgonjwa, barua inalala.

Imeli nayo ilikuwa hivyo. Katika miaka ya 1980, mashine nyingi zilikuwa zinaungana kwa telefone usiku tu, na mtumaji alikuwa anaandika njia nzima ndani ya adresi: mashine ya kwanza, alama ya mshangao, mashine ya pili, alama ya mshangao, mashine ya tatu, mpaka jina la mtu. Kama mashine ya katikati ilizimwa, barua ilipotea, na wewe unapaswa kutafuta njia nyingine kwa akili yako.

Mwaka 1983, Paul Mockapetris alileta utaratibu mwingine. Badala ya mtumaji kujua njia, mtumaji ajue jina tu, na kuwe na watu wa kuulizwa. Leo unapobonyeza "Envoyer", seva yako inauliza. Inaenda kwa wale wa juu kabisa, inasema: nani anasimamia cd? Wanajibu: hawa hapa. Inaenda kwa hao wa cd: nani anasimamia koperative-yetu? Wanajibu: huyu. Inaenda kwa huyo: barua zenu zinapokelewa wapi? Naye anataja seva moja ao mbili, na anasema ipi ibishwe hodi kwanza. Kuuliza kote huko hakuchukui hata dakika.

Ni sawa na mgeni anayefika hapa anatafuta mtu. Anauliza kwenye komini, komini inamtuma kwa shefu wa kartiye, shefu wa kartiye anamtuma kwa shefu wa avenue, shefu wa avenue anamwonyesha mlango. Hakuna mmoja anayejua mji wote. Kila mmoja anajua anayemfuata, na hiyo inatosha.

Sanduku la Bujumbura

Lile jibu la mwisho, "barua zetu zinapokelewa pale", wazee wa Uvira watalielewa kuliko wanainformatiki. Wanakumbuka wakati wa Zaïre, posta ilipokufa. Misioni, asosiasio na wafanyabiashara wa hapa walikodi sanduku la posta Bujumbura. Wenzetu wa Bukavu walifanya hivyo Cyangugu, Rwanda. Karatasi zilikuwa zinaandikwa "Uvira, Zaïre", halafu chini yake "B.P. kadha, Bujumbura, Burundi". Biro iko huku, sanduku liko ngambo ya Gatumba. Mtu wa Ubeleji alituma barua Bujumbura, na mara moja kwa juma mtu alipita Kavimvira kwenda kufungua sanduku.

Imeli iko hivyo leo. Koperative inaweza kuwa na jina lake la Kongo, na sanduku lake likae kwenye mashine za kampuni iliyo Ulaya ao Marekani. Jina ni moja, sanduku ni lingine. Na uzuri uko hapa: kama kampuni ya sanduku inakusumbua, unahamisha sanduku, lakini jina linabaki. Unaenda kwa yule anayesimamia jina lako, unamwambia: kuanzia leo barua zetu zipelekwe pale. Wanunuzi hawatajua kwamba mmehama. Hawatabadilisha hata nukta.

Lakini kama adresi yenu inaishia gmail.com, jina si lenu. Ni la kampuni ya Google. Ninyi ni wapangaji wa chumba, tena chumba kimeandikwa kwa jina la sekretere. Hamuwezi kuhama na jina, na hamuwezi kumtoa sekretere ndani ya chumba chake. Mkienda kwenye mahakama, mkamleta na prezida mpya na PV ya mkutano mkuu, ile mashine haisomi PV. Inauliza neno la siri, na inatuma kode kwenye telefone ya kurudishia. Telefone hiyo ni ya nani? Ni ya sekretere.

Barua ikikwama

Watu wanalaumu imeli bure wakati mwingine. "Nimetuma tangu juma nne, mbona haijafika?" Tuelewe namna inangoja.

Seva ya mtumaji ikifika kwenye mlango wa mpokeaji na kukuta mlango umefungwa, haitupi barua. Inaiweka kwenye foleni, inarudi kubisha tena baadaye, tena na tena. Kanuni ya imeli inashauri kuendelea angalau siku 4 ao 5 kabla ya kukata tamaa. Ikikata tamaa, inarudisha barua kwa mtumaji pamoja na maelezo. Njo ule ujumbe wa Kiingereza unaotoka kwa "Mailer-Daemon", ambao wengi wanaufuta wakifikiri ni virusi. Usiufute. Ndani yake kuko sababu. Ukiona namba inayoanza na 5, kama 550, maana yake wamekataa kabisa: mara nyingi jina hilo halipo, ao hawakutaki, na kutuma tena vilevile hakutasaidia. Ukiona namba inayoanza na 4, maana yake shida ni ya muda, kama sanduku lililojaa ao seva iliyolemewa, na seva yako bado inajaribu.

Wote tunakumbuka uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2018. Tulipiga kura tarehe 30, kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, na ikarudi baada ya siku karibu 20. Wale waliokuwa na sanduku kwenye mashine za ngambo, barua zao ziliendelea kuingia kule na kuwangoja. Waliporudi walizikuta zote. Sanduku lililo kwenye seva ya ndani ya inchi, iliyofungiwa pamoja na sisi, barua zake zilibishwa hodi siku 4 ao 5, kisha zikarudi kwa watumaji. Siku 20 ni nyingi kuliko 5. Ni hesabu ya kujua kabla ya kuchagua sanduku liwe wapi.

Na kuko faida nyingine. Kila seva inayopokea barua inagonga muhuri wake juu ya ile barua, na saa, kama posta za zamani. Muhuri haionekani mbele, lakini ukifungua maelezo yote ya barua utaikuta, na inasomwa kutoka chini kwenda juu. Ugomvi wa "tulituma" na "hatukupata" unaweza kupungua kama mtu anajua kusoma ile mihuri.

Yaliyoipata nukta cd

Sasa niwaonyeshe kwamba jambo hili la kusahau jina si la wachimbaji peke yao. Lilifika mpaka kwa inchi yetu.

Kongo ilipokuwa Zaïre, mwisho wa majina yetu ulikuwa zr. Mwaka 1997 inchi ilipobadilisha jina, tukapewa cd. Ile zr ilifutwa baadaye. Wale wanaosimamia cd walikuwa wametaja seva za kuulizwa, na baadhi ya zile seva zilikuwa chini ya jina scpt-network.com, kwa ajili ya SCPT, kampuni ya posta na telekominikasio ya serikali. Jina la intaneti halinunuliwi mara moja kwa siku zote. Linakodishwa, na muda ukiisha unalipa tena. Mwisho wa mwaka 2020, lile jina halikulipiwa. Likarudi sokoni kama kibanda kisicho na mwenyewe.

Msuedi mmoja, Fredrik Almroth, mtu wa kazi ya usalama wa intaneti, aliona hilo akalinunua yeye, juu ya kuzuia mtu mbaya asilinunue. Kwa mkono huo mmoja alishika karibu nusu ya maulizo yote ya dunia juu ya majina ya cd. Angekuwa mwizi, mtu akiuliza "barua za benki ile ya Kongo zinapokelewa wapi?", angejibu: "Zileteni kwangu." Hakufanya hivyo. Mwezi wa kwanza mwaka 2021 aliwajulisha wasimamizi, wakahamia jina lingine, naye akaandika wazi namna ilivyokuwa. Hatukupata hasara juu ya bahati tu, na juu ya mtu mwenye roho nzuri.

Fundisho ni hili: hakuna aliyevunja mlango. Mtu alisahau kulipa kodi ya jina, basi. Kama inchi nzima inaweza kusahau, koperative yenye biro ya mbao na sanduku moja la karatasi itasahau pia, isipokuwa kama imeandika mahali nani analipa, siku gani, na kwa pesa ya kasha gani.

Jina la bahasha linaweza kudanganya

Kuko sehemu nyingine inayogusa familia zaidi. Kwenye barua ya karatasi, mtu anaweza kuandika nyuma ya bahasha jina lolote kama mtumaji. Posta haimuulizi kadi ya elekta. Imeli ilipotengenezwa ilifuata desturi hiyohiyo. Yale unayosoma mbele, "kutoka kwa fulani", yameandikwa na mtumaji mwenyewe.

Dunia ikajaribu kutengeneza. Leo mwenye jina anaweza kutangaza orodha ya seva zenye ruhusa kutuma barua kwa jina lake, na anaweza kuweka muhuri wa siri kwenye kila barua, ili mpokeaji ahakikishe. Tangu mwezi wa pili 2024, Gmail na Yahoo wamekaza: barua isiyo na uhakikisho hata mmoja inaweza kukataliwa ao kutupwa kwenye spamu. Kwa hiyo koperative ikichukua jina lake, imwambie fundi aweke vile vitu viwili, la sivyo barua zake zitalala kwenye spamu ya mnunuzi.

Lakini muhuri unasema tu kwamba barua imetoka kweli kwenye nyumba iliyotajwa. Hausemi kwamba nyumba hiyo ni ya watu wema. Mwizi naye anaweza kukodi jina linalofanana na la mnunuzi wenu, akaongeza herufi moja, akaweka muhuri sawasawa, na kuandika: "Tumebadilisha konti, tumeni karatasi na pesa ya usafiri huku." Dawa yake ni macho na telefone. Soma kulia ya arobaze, kuanzia mwisho. Kisha piga namba unayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Ndugu zetu wengi wako Nyarugusu kule Tanzania, wengine Burundi, wengine Uganda. Huko barua za uongo za kwenda Kanada ao Marekani zinatembea kama malaria. Shikeni mambo mawili. La kwanza, huduma za UNHCR ni bure; anayeomba pesa ya dosie ni mwizi, hata kama barua iko na nembo. La pili, adresi za UNHCR zinaishia unhcr.org mara baada ya arobaze. Jina "unhcr" likiwa kushoto ya arobaze na gmail ikiwa kulia, hiyo si UNHCR, ni mtu amejipa jina. Na likiwa kulia lakini kuko maneno mengine yanafuata baada ya "org", angalia yale ya mwisho: hayo njo mwenye nyumba.

"Sisi tuko na WhatsApp"

Najua mtanijibu hivyo. Na ni kweli, WhatsApp inasaidia, hata mimi niko na grupu za kutosha. Lakini angalieni inafungwa kwenye nini: kwenye namba ya telefone. Namba ikikaa muda mrefu bila inite, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Telefone ikiibiwa, ao ikianguka ndani ya maji, unaanza kukimbia huku na huku. Na hapa kwetu watu wanakimbia mara nyingi. Mwezi wa nne mwaka 2020 Mulongwe ilifurika usiku ikabeba nyumba. Vita nayo inafukuza watu bila kuwaambia wabebe nini. Anayevuka kwenda Burundi anaweka kadi ya Burundi, na namba ya Kongo inakufa.

Imeli haikai ndani ya telefone. Mtu anaweza kupoteza kila kitu Uvira, akaingia sibere Bujumbura ao Kigoma, akaandika adresi na neno la siri, na akakuta barua zake, picha za diplomu, karatasi za kiwanja. Anahitaji vitu viwili tu: kichwa kinachokumbuka neno la siri, na namba ya kurudishia ambayo bado iko hai.

Tena WhatsApp ni nyumba ya mtu mmoja. Imeli ni njia ya wote: mtu wa Yahoo anamwandikia mtu wa Gmail, naye anamwandikia mtu wa nukta cd, bila kuomba ruhusa kwa kampuni moja. Ndiyo sababu notere, benki, ambasade na wanunuzi wakubwa bado wanaomba imeli.

Wengine watasema koperative haina pesa ya kukodi jina. Nyingine kweli hazina. Basi chukueni sanduku la bure, lakini lifunguliwe kwa jina la koperative, si la mtu. Na wengine watasema wachimbaji wengi hawajui kusoma. Kwa hao ndio inafaa zaidi. Asiyejua kusoma njo anaporwa kwanza, juu yule kijana wa sibere anamfungulia sanduku kwa dakika tano, anaweka telefone yake mwenyewe kama ya kurudishia, anachagua neno la siri yeye mwenyewe, na baba anatoka pale na adresi iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, akifikiri ni yake.

Ninachoomba

Kwa koperative: kwenye mkutano mkuu unaokuja, wekeni adresi kwenye odre di juri, kama mnavyoweka kasha na mhuri. Sanduku liwe na jina la kazi, si jina la mtu. Telefone ya kurudishia iwe ya koperative, na kadi yake ikae pamoja na mhuri. Watu wawili wajue neno la siri, na liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwa mtu wa tatu. Komite ikibadilishwa, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo mbele ya watu, na PV iseme limebadilishwa. Kama mmekodi jina, tarehe ya kulipa iandikwe ukutani.

Kwa sekretere walio kazini leo: hakuna anayewatuhumu. Wengi walifungua lile sanduku kwa mega zao wenyewe, wakati hakuna mwingine aliyejua. Koperative iwashukuru, na ikiwezekana iwarudishie pesa. Lakini barua za koperative zitoke kwenye sanduku lenu ziende kwenye lake. Hata mechi ikiisha, aliyeleta mpira haondoki na uwanja.

Kwa vijana wa sibere: mtu akikuja kufunguliwa sanduku, weka telefone yake, ao ya mke wake, ao ya mtoto wake. Mwache aandike neno la siri kwa kidole chake, hata kama inachukua nusu saa. Na wewe usiliandike popote.

Kwa biro za serikali, hapa Uvira na Bukavu: karatasi zenu nyingi bado zinabeba adresi za Gmail na Yahoo zenye majina ya watu. Mwananchi atajuaje barua ya kweli na ya mwizi, kama zote mbili zinatoka nyumba moja? Inchi iko na cd yake. Itumieni, na mlipie kwa wakati.

Adresi ni kama kare: anayeandikwa kwenye karatasi ndiye mwenyewe, hata kama jasho ni la wengine. Nendeni mkaangalie leo ni nani aliyeandikwa.